Jiwe la Kusagia Lisiwekwe Rehani

Katika kitabu cha Kumbukumbu la Torati, sura ya 24, imo amri fupi ambayo wengi huipita bila kuitazama. Mungu aliwaruhusu Waisraeli kukopeshana na kushikiana rehani, wala hakusema kwamba kudai deni ni dhambi. Lakini alikataza jambo moja: mwenye kudai asichukue rehani jiwe la kusagia la mdeni wake. Sababu yake ni wazi. Alichukuaye jiwe la kusagia hachukui mali tu. Achukua chakula cha watoto, yaani achukua uhai wenyewe.

Ndugu wasomaji, amri hiyo ni ya kale, lakini yafaa kuikumbuka leo, tunapotaka kusema juu ya jambo linaloonekana kuwa la mawaziri na wanasheria peke yao, nalo ni mapatano ya biashara baina ya nchi tajiri na nchi changa, pamoja na masharti ya hataza yanayotiwa ndani yake.

Hataza ni hati ya serikali impayo mvumbuzi haki ya kutengeneza na kuuza kitu alichokivumbua, yeye peke yake, kwa muda uliowekwa. Hatusemi kwamba haki hiyo ni mbaya. Mtu aliyetumia akili, jasho na fedha kwa miaka mingi akitafuta dawa astahili ujira wake. Papa Yohane Paulo II, katika barua yake Centesimus Annus ya mwaka 1991, alieleza kwamba siku hizi ujuzi na ufundi ni mali, tena mali isiyo duni kuliko ardhi. Lakini kila mali ina mpaka wake, na swali letu ni hili: ni nani auwekaye mpaka huo, naye auweka kwa faida ya nani?

Zamani kila nchi ilijiwekea mpaka wake. India, kwa sheria yake ya mwaka 1970, ilitoa hataza juu ya njia ya kutengeneza dawa, si juu ya dawa yenyewe. Hivyo viwanda vyake vilijifunza kutengeneza dawa zile zile kwa njia nyingine na kuziuza kwa bei nafuu. Mwaka 1994, mjini Marrakesh, mataifa yalitia sahihi mapatano ya kuunda Shirika la Biashara Duniani, na ndani yake mlikuwamo mapatano yajulikanayo kwa jina la TRIPS. Yalianza kutumika tarehe 1 Januari 1995. Toka hapo kila mwanachama hutakiwa kutoa hataza ya miaka isiyopungua 20, na dawa nazo zimo. Nchi changa zilipewa muda wa kujitayarisha, na muda wa India ulikwisha mwaka 2005.

Miaka hiyo hiyo UKIMWI ulikuwa ukiwavuna watu wetu. Hatuna haja ya kuwaeleza wasomaji wetu habari hiyo. Ni nyingi jamaa ambazo bibi alirudi kulea wajukuu katika uzee wake. Dawa za kurefusha maisha zilikwisha patikana Ulaya na Marekani, lakini bei yake huko ilikuwa zaidi ya dola 10,000 kwa mgonjwa mmoja kwa mwaka. Mwezi wa Februari 2001 kampuni ya India iitwayo Cipla ilitangaza kwamba ingeyauzia mashirika ya misaada dawa hizo kwa dola 350 kwa mwaka. Na Afrika Kusini, ilipotunga sheria mwaka 1997 ili kujipatia dawa za bei nafuu, makampuni ya dawa yapatayo 40 yaliishtaki mahakamani mwaka uliofuata. Yaliondoa mashtaka Aprili 2001, baada ya kilio cha dunia nzima.

Novemba mwaka huo huo, mjini Doha, mataifa yote ya Shirika la Biashara Duniani yalitamka kwamba TRIPS haizuii nchi kulinda afya ya watu wake, na kwamba kila nchi ina haki ya kuruhusu kiwanda kingine kitengeneze dawa yenye hataza, hata kama mwenye hataza hakupenda. Watu wengi walishangilia, nao walikuwa na haki ya kushangilia.

Lakini aliyefungiwa mlango wa mbele huzunguka nyumba. Kile kilichoshindikana mbele ya mataifa yote kilianza kutafutwa kwa nchi moja moja, katika mapatano ya biashara ya faragha. Nchi changa yaambiwa: tutafungulia soko letu nguo zako na sukari yako, nawe utakubali masharti ya hataza makali kuliko yale ya TRIPS.

Tuchukue mfano wa Guatemala. Kiwanda cha kwanza kinachotaka kuuza dawa hupeleka serikalini majaribio yaonyeshayo kwamba dawa ile ni salama na yaponya. Kiwanda cha pili, kikitengeneza dawa ile ile, huonyesha kwamba yake ni sawa na ile ya kwanza, na serikali hutegemea majaribio yaliyokwisha fanywa. Sharti jipya lasema kwamba kwa miaka 5 serikali isiyategemee majaribio hayo. Basi, hata kama dawa haina hataza katika nchi hiyo, kiwanda cha pili chafungiwa njia, ama kirudie majaribio kwa gharama kubwa, na kuwafanya wagonjwa watu wa kujaribiwa kwa jambo ambalo jibu lake lajulikana. Mwishoni mwa mwaka 2004 Bunge la Guatemala lilifuta sheria ya namna hiyo. Marekani ilionya kwamba mapatano ya biashara ya Amerika ya Kati yangeingia hatarini. Machi 2005 Bunge lile lile liliirudisha sheria.

Huenda mtu akasema: “Guatemala ilitia sahihi kwa mkono wake, nani basi wa kulaumiwa?” Neno hilo Kanisa lilikwisha lijibu zamani. Papa Leo XIII, katika Rerum Novarum ya mwaka 1891, alifundisha kwamba mfanyakazi akikubali mshahara usiotosha kumlisha kwa kuwa njaa yamsukuma, kukubali kwake hakuufanyi mshahara ule kuwa wa haki. Mwaka 1967 Papa Paulo VI, katika Populorum Progressio, aliyapeleka mafundisho hayo kwa mataifa: wakutanapo wawili wasiolingana nguvu, sahihi peke yake haitoshi kuyafanya mapatano kuwa ya haki. Naye Papa Benedikto XVI, katika Caritas in Veritate ya mwaka 2009, aliwalaumu matajiri kwa kushikilia mno haki za maarifa, hasa katika mambo ya afya. Tena Mtakatifu Toma wa Akwino alifundisha kwamba katika dhiki ya kufa na kupona, mali ya dunia hurudi kuwa ya wote. Dawa ya mgonjwa ndiyo jiwe la kusagia la siku zetu.

Mambo hayo yatugusa sisi pia. Nchi yetu, pamoja na nyingine zilizo katika orodha ya mataifa maskini zaidi, imepewa nafuu ya kutolazimika kulinda hataza za dawa mpaka tarehe 1 Januari 2033. Nafuu hiyo ina mwisho, na nchi yaweza kuitoa kwa mkono wake yenyewe katika mapatano mengine. Jirani zetu wa Kenya hawamo katika orodha hiyo. Walipoanza mazungumzo ya biashara na Marekani mwaka 2020, Marekani ilitaka ulinzi wa hataza unaofanana na ule wa sheria zake. Mazungumzo yale hayakumalizika kwa sura ile, lakini yalionyesha kinachotakwa. Na kwa kuwa dawa nyingi za hospitali zetu hutoka India, siku India itakapofungwa mikono, sisi tutaugua ingawa hatukutia sahihi.

Hata hivyo tusikate tamaa. Mwezi wa Mei 2007, baada ya watu wengi kupaza sauti, wakubwa wa Marekani wenyewe walikubaliana kulegeza baadhi ya masharti ya dawa katika mapatano yao na Peru, Panama na Kolombia. Sauti ya wanyonge yafika, ila sharti itolewe kabla wino haujakauka.

Basi yatupasa nini? Ninyi mnaokaa Bungeni na katika ofisi za serikali, nanyi ni wana wa Kanisa, msikubali mapatano yasomwe usiku na kutiwa sahihi asubuhi. Ulizeni kila mara: je, sharti hili litafanya nini kwa bei ya dawa katika zahanati ya kijijini? Ninyi walimu na wanafunzi wa sheria, tusomeeni hati hizo na kutufasiria kwa lugha tunayoijua. Nanyi akina baba na akina mama, msidhani kwamba neno la biashara ya mataifa si lenu. Mama anayerudi nyumbani bila dawa kwa sababu fedha hazikutosha, huyo ndiye lililemfika neno hilo.

Twawaombea pia wavumbuzi na wenye viwanda, wapate ujira wao wa haki na kumshukuru Mungu aliyewapa akili. Lakini wakumbuke kwamba yule aliyewapa haki ya kudai aliwawekea na mahali pa kukoma. Kila mmoja wetu, akishika rosari yake jioni ya leo, awataje wagonjwa wanaongojea dawa, na awataje vile vile wale watakaokaa mezani kuandika masharti yake.