Kisanduku Chenye Nyota Nyekundu

Ukisoma Adili na Nduguze ya Shaaban Robert, huhitaji kusubiri sana kujua nani ana moyo wa namna gani. Adili ni Adili. Ndugu zake ni Hasidi na Mwivu, na majina hayo wamekuja nayo tayari kabla hawajafungua kinywa. Rosa wa Kezilahabi ni habari nyingine. Anaingia kitabuni hajamalizika, na sisi wasomaji tunahangaika naye ukurasa kwa ukurasa.

Waandishi wa programu za kompyuta nao wana ugomvi wa aina hii, ila wao hawauiti fasihi.

Miaka ya 1960, kwenye kituo cha kompyuta mjini Oslo, Ole-Johan Dahl na Kristen Nygaard walitunga lugha ya Simula. Walitaka kuiga mambo ya duniani ndani ya mashine, na katika toleo la 1967 wakatuachia mawazo mawili: klasi na objekti. Klasi ni mchoro, objekti ni kitu kinachotengenezwa kwa kuufuata. Ramani moja, nyumba mia. Katikati yake kuna dakika ya kuzaliwa, na kazi ya dakika hiyo hufanywa na kipande cha programu ambacho siku hizi huitwa konstrakta: kukipa kitu thamani zake za mwanzo.

Sasa swali. Je, kitu kiruhusiwe kuwepo kabla hakijakamilika?

Wakali wanasema hapana. Akaunti isiyo na mwenyewe si akaunti, basi konstrakta idai kila kitu mlangoni, na kikikosekana kimoja ikatae. Wapole wanasema kiache kizaliwe, tutakijaza baadaye. (Hiyo "baadaye" ni ileile ya fundi cherehani mwenye nguo yako ya sikukuu.)

Wakali wana shahidi mzito. Mwaka 1965 Tony Hoare, akibuni lugha ya ALGOL W, aliweka ndani yake alama ya kusema "hapa hakuna kitu". Aliiweka kwa sababu ilikuwa rahisi kuitengeneza. Mwaka 2009 alisimama jijini London akaiita kosa lake la dola bilioni moja. Ubaya wake ni kwamba mahali ulipoahidiwa kitu unakuta shimo, na anayetumbukia si yule aliyelichimba.

Mpaka hapo ningewapa wakali ushindi. Lakini hebu klasi hiyo iitwe Mtu.

Mchukue bibi aliyezaliwa mwaka wa nzige, masika yakikaribia. Amekaa mbele ya karani, na fomu kwenye kompyuta inataka tarehe ya kuzaliwa. Kisanduku kina nyota nyekundu, yaani lazima. "Mwaka wa nzige" hakiingii. Foleni ni ndefu. Karani anaandika 1 Januari, na mfumo unafurahi. Ndiyo maana wakimbizi wengi waliohamia Marekani na Ulaya, kwa makaratasi, wamezaliwa siku moja.

Kumbe ule ukali uliokataa shimo umepokea uongo. Na uongo huu, kwangu, ni mbaya kuliko shimo. Shimo ukiangalia vizuri unaliona. 1 Januari inafanana na tarehe nyingine yoyote. Siku bibi akileta cheti cha ubatizo kinachosema vingine, atakayeulizwa kwa nini alidanganya ni yeye, si karani, na hakika si aliyeiweka ile nyota.

Lugha kama Haskell, Swift na Kotlin zina njia ya tatu. Zinakubali "sijui" kama jibu halali, ila ukweli kwamba jibu linaweza kukosekana lazima uandikwe wazi, na programu haiachiwi kuendelea kana kwamba jibu lipo. Wapo pia wanaotegemea mtindo wa Mjenzi, uliomo kwenye kitabu cha ruwaza cha Gamma na wenzake cha 1994: kusanya vipande taratibu, kisha kitu kizaliwe. Ni kama karani mwenye subira anayemuuliza bibi, "Mvua zilikuwa zimeanza, bibi?" Vizuri, lakini mwisho wa mazungumzo kama mchoro bado unadai siku kamili, subira yote ile inaishia 1 Januari.

Na bibi hakuja mikono mitupu. Mwaka anaujua, msimu anaujua. Mchoro unaotaka siku, mwezi na mwaka kwa mpigo umemnyang'anya alichokuwa nacho kwa sababu ya alichokosa.

Nygaard huyohuyo, miaka ya 1970, alikwenda kufanya kazi na chama cha wafanyakazi wa chuma cha Norway, ili watu wa viwandani wawe na kauli juu ya mifumo ya kompyuta iliyokuwa ikiletwa makazini mwao. Bibi wa mwaka wa nzige hakuna aliyemwita wakati klasi ya Mtu inachorwa. Angeulizwa, nadhani kitu cha kwanza angetaka kiwemo ni jina la mama yake, na siku ingefuata baadaye sana, kama ingefuata.