Ndege Adimu na Ndege wa Kila Siku

Kila mwaka pepo za kaskazi zianzapo kuvuma, nchi za mbali huko juu zimekwisha ingia katika majira ya baridi. Siberia ardhi yaganda kama jiwe, maji yawa barafu, wala mdudu haonekani. Ndege wa huko hawangoji hayo yawakute. Huwa wamekwisha funga safari mapema, na wengine hawaishii njiani mpaka wamefika kwetu. Mtu akisimama karibu na daraja la Selander, au juu ya daraja jipya la Tanzanite lililofunguliwa mwaka 2022, akatazama mlango wa mto Msimbazi maji yapwapo, atawaona vitwitwi wakikimbia juu ya tope, wadogo kuliko kiganja, nao wamezaliwa maelfu ya maili kutoka hapa. Akibahatika atamwona pia ndege mweupe mwenye mgongo mweusi, miguu mirefu, na mdomo mnene wa kuvunjia kaa. Huyu si mtoto wa Siberia. Yeye huzaa katika fukwe na visiwa vya Oman na Ghuba, akichimba shimo mchangani apate kujikinga na jua kali, na humo hutaga yai moja tu. Kisha huja kwetu wakati wa kaskazi, kama majahazi ya zamani yalivyokuja.

Wako watu wanaopenda kuwafuata wageni hawa. Akionekana ndege asiyezoeleka, habari hutembea upesi, na mtu aweza kusafiri siku nzima na darubini yake ili amwone kwa dakika tano. Wasomaji wengine watacheka. Sisi hatuwacheki, maana watu hao wanayo desturi moja ambayo twaitamani hata kwetu sisi waandishi wa magazeti. Mtu adaiye kuwa ameona ndege adimu hasadikiwi kwa neno lake tu. Sharti aandike siku, saa na mahali, rangi ya miguu, urefu wa mdomo, na jinsi ndege alivyoruka. Na kama alidhani tu, sharti aseme kwamba alidhani. Katika Afrika Mashariki iko kamati ya wajuzi wanaopima madai hayo, na hapa Tanzania Neil na Liz Baker wamekusanya kwa miaka mingi taarifa za ndege wa nchi nzima, ili ijulikane yupi yuko wapi na kwa mwezi gani. Mtu aliyekuwa peke yake ufukweni, asiye na shahidi, ambaye angeweza kusema uongo bila kushikwa, naye asema kweli juu ya ndege mdogo: hili si jambo dogo.

Lakini liko swali tunalotaka kuliuliza. Kwa nini ndege adimu athaminiwe kuliko ndege wa kila siku?

Mtu wa Kariakoo hatashindwa kujibu. Katika lile soko kuu lililochorwa na Beda Amuli, likafunguliwa mwaka 1975, likaungua mwaka 2021, sheria ilikuwa moja tangu mwanzo, na katika mitaa yote inayolizunguka sheria ni hiyo hiyo: kitu kikiadimika, bei hupanda. Nyanya zikikosekana, zauzwa kwa kuhesabiwa; zikijaa, zaoza chini ya meza. Hatuna ugomvi na sheria hiyo ikiwa yahusu nyanya. Lakini hata sokoni ina upofu wake. Chumvi ni rahisi kuliko hiliki, na nyumba yaweza kukaa mwaka mzima bila hiliki. Na mtu aichukuapo sheria ya sokoni akaitumia kupimia viumbe, hutokea mambo ya ajabu. Katika miaka ya 1980 kasuku wadogo wa nyanda za kusini ya Ziwa Nyanza walisafirishwa ng'ambo kwa makundi makubwa, wakafungiwa vizimbani. Walipungua kwa sababu walitakiwa, na walipopungua wakazidi kutakiwa. Serikali ilipopiga marufuku kusafirisha wanyamapori hai mwaka 2016, ilikuwa imechelewa kwa wengi wao.

Sasa tumtazame ndege asiye adimu hata kidogo. Kutoka Mtaa wa Swahili mpaka Mtaa wa Msimbazi, anayewaamsha watu alfajiri ni kunguru. Yuko juu ya mapaa, juu ya nyaya za umeme, juu ya majaa. Watu humwita mwizi na mchafu, na ni kweli huiba. Lakini huyu naye ni mgeni, na tofauti yake na vitwitwi ni kwamba yeye hakuja kwa mabawa yake. Aliletwa Unguja kutoka India katika miaka ya 1890, kwa amri ya wakubwa wa Kiingereza wa wakati ule, ili ale takataka za mji. Yaani aliajiriwa kazi ya kufagia, ambayo wenye mji hawakutaka kuifanya wenyewe. Akaifanya, kisha, kwa kuwa hakuna aliyemwambia mwisho wa kazi yake ni wapi, akaingia katika viota vya ndege wadogo, akala mayai na makinda. Haikupita miaka thelathini Unguja ikamtangaza kuwa adui. Akavuka bahari, akaenea pwani nzima. Kunguru wetu wa asili, yule mwenye kifua cheupe kama aliyevaa fulana, amesukumwa nje ya mji.

Dawa zimejaribiwa. Unguja katika miaka ya 1990 waliuawa kwa maelfu, lakini fedha za kazi hiyo zilipokwisha, wakarudi. Dar es Salaam nako, baada ya mwaka 2010, walitegwa na kutiliwa sumu, wakapungua; na leo waone jinsi walivyo. Hatusemi kwamba ni vibaya kuwapunguza. Twasema kwamba kumhukumu kunguru na kuliacha jaa mahali pake ni hukumu ya nusu. Zile nyanya zilizooza chini ya meza ndizo mshahara wake, na anayezitupa ni sisi.

Hapa ndipo tuonapo jibu la swali letu. Uadimu ni wa namna mbili, na bei ya sokoni haiwezi kuzitenganisha. Uko uadimu wa msafiri, ambaye ni haba kwetu kwa sababu kwao ni mbali. Huyo ni neema ya majira, na mwenye kumfurahia hana kosa. Na uko uadimu wa deni: wa ndege aliyekuwa wa kila siku, tukamfanya haba kwa mikono yetu. Chozi katika maua ya ua, shore juu ya mpapai, minana wakisuka viota vyao juu ya mnazi, hawa hawakuwa habari kwa mtu yeyote. Hakuna aliyetoka na darubini kuwatazama, wala aliyeandika siku na saa. Kwa hiyo walipoanza kupungua katika mitaa ya mjini hakuna aliyejua, na leo hatuna daftari la kutuonyesha tumepoteza kiasi gani. Kitwitwi wa Siberia ana shahidi. Shore wa Gerezani hana.

Tunajua yuko atakayesema: mchukuzi wa Kariakoo abebaye magunia tangu usiku, mwenye watoto wanne na chumba kimoja, ana haja gani na shore? Swali hilo ni la haki, na hatutaki kulijibu kwa maneno matamu. Hana deni kubwa katika jambo hili. Jaa si lake peke yake, na si yeye aliyemleta kunguru. Lakini takataka zinazomlisha kunguru ndizo zinazozibisha mifereji, na mvua kubwa inyeshapo, kama ilivyonyesha Desemba 2011, ni watu wa Jangwani wanaoamka maji yamefika kitandani, wala si watu wa vilimani. Anayedhani kwamba habari ya ndege ni anasa ya wenye nafasi, na habari ya mfereji ni ya maskini, ajaribu kuufuata mto Msimbazi kwa miguu kutoka Jangwani hadi baharini. Ataona kwamba mfuko uliotupwa na mwenye duka ndio uliokwama katika mikoko, penye tope lile lile ambalo vitwitwi wametoka Siberia kuja kula juu yake.

Basi twaleta ombi. Wako bado wazee waliokulia Kariakoo, Ilala na Gerezani, zama nyumba zilipokuwa na ua na kila ua una mti. Twawaomba watuandikie, au wawaambie wajukuu wao waandike: ni ndege gani waliowasikia alfajiri, katika mti upi na mtaa upi, na tangu mwaka gani hawawasikii tena. Wasipamba. Mwenye kukumbuka sauti tu, asiyekumbuka rangi, aandike sauti. Na mwenye kudhani, aseme kwamba anadhani.