Mgeni na Jembe

Methali yetu yasema: Mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Aghalabu hutumiwa kumwonya mvivu asiukalie ukarimu wa watu. Nadhani ina fundisho jingine kubwa zaidi: mtu hawezi kuwajua wenyeji wake kwa macho peke yake.

Wako wasafiri waliochoka kwenda kunakokwenda kila mtu. Wamekwisha kuuona Mji Mkongwe wa Unguja na magofu ya Kilwa Kisiwani. Sasa wataka kuona watu waishivyo. Nia hiyo ni njema. Magari mengi yaendayo Hifadhi ya Taifa ya Nyerere huiacha barabara ya kusini mjini Kibiti, yakashika njia ya Mloka kufuata tembo na viboko. Waliomo huipita nchi ya Warufiji kama apitaye uani kwenda bandani. Basi msafiri atengaye siku zake akaenda kata ya Mtunda, kwa wakulima, yaonekana amewashinda wenzake kwa heshima. Je, amewashinda kweli?

Simba hutazamwa asione haya. Mtu ana haya. Aingiaye kijijini akawatazama watu kama atazamavyo wanyama amewashusha daraja, na kosa lake ni kubwa kuliko la yule aliyebaki hifadhini.

Chukua mfano wa dungu. Katika mashamba ya bonde la Rufiji mkulima hujenga kibanda juu ya nguzo, akakaa humo kulinda mpunga na mahindi yasiliwe na nguruwe, nyani na ndege. Msafiri hulisifu dungu kwa uzuri wake, akalipiga picha. Mwenyewe hulijua kwa usingizi alioukosa.

Mto nao ni vivyo hivyo. Mafuriko yake huleta rutuba, na maji yakipwa watu hupanda katika unyevu uliobaki. Walakini mafuriko ya Aprili 2024 yaliharibu mashamba na nyumba katika wilaya za Rufiji na Kibiti. Mgeni wa kiangazi ameujua mto nusu.

Tena, Warufiji wamezoea kufikiwa. Manowari ya Kijerumani Königsberg ilijificha katika mikono ya mto huu hata ikaangamia humo Julai 1915, katika vita visivyokuwa vya wenyeji. Korongo la mto likaitwa miaka mingi kwa jina la Stiegler, mgeni. Baada ya mafuriko ya 1968 serikali iliwahamisha watu wengi kutoka bondeni kwenda nchi ya juu. Wengi wamefika kwa haja zao au kwa amri zao. Waliofika kuuliza ni wachache. Wala kosa hili si la Wazungu peke yao. Sisi wa mjini twaweza kwenda shamba na macho yale yale.

Labda msomaji atasema: Mgeni njoo, mwenyeji apone. Ni kweli. Mwanamke aliyekata ukindu, akaukausha, akautia rangi, akasuka ukili na kuushona mkeka, ana haja ya mnunuzi. Kumzuilia wageni kwa kisingizio cha kumhifadhi ni kumfungia soko, na umaskini si urithi wa kuhifadhiwa. Lakini anunuaye mkeka asidhani amenunua na haki ya kuingia chumbani.

Kipimo, basi, ni nini? Naona mambo matatu. Mwenyeji aweze kukataa, na kukataa kwake kusimpunguzie heshima. Aweze kuuliza: mgeni ni wa nani, alima nini, amefuata nini, maana atazamaye naye ni haki atazamwe. Tatu, aweze kumpa jembe.

Jembe lenyewe laweza kugeuzwa mchezo: mtu akalima matuta mawili, akapigwa picha, akarudi kujisifu. Jembe la kweli halitafuti sifa. Humwonyesha mgeni kwamba mikono yake haijui kazi ambayo mtoto wa pale aijua, na kwamba katika shamba lile yeye ndiye mjinga. Ajuaye hivyo hataondoka akisema amewaona watu wa Mtunda. Atasema walimpokea, wakamfundisha kidogo, na deni hajalimaliza.