Mume Naye Apimwe

Mwanzoni mwa upadre wangu, mama mmoja alinijia sakristia baada ya Misa. Alikuwa na miaka saba ya ndoa, hana mtoto, na wakwe zake walikuwa wamekwisha kumwambia arudi kwao. Nilimwambia asali na avumilie. Nikambariki, akaenda zake. Sikumwuliza kama mumewe amepata kupimwa. Kosa hilo ni langu, nami naliungama mbele yenu, wasomaji wapenzi, kwa kuwa nadhani si mimi peke yangu niliyelitenda.

Desturi yetu twaijua. Nyumba ikikosa mtoto, mke ndiye ahangaikaye kwa waganga, ndiye anyweshwaye dawa, ndiye asemwaye kisimani. Mume huketi barazani akipewa pole. Kumbe madaktari wamehakikisha kwamba katika karibu nusu ya nyumba za namna hiyo kasoro iko kwa mume, ama peke yake ama pamoja na mkewe. Mtu aweza kuwa na nguvu zake zote za kiume, na hata hivyo mbegu zake zikawa chache, au zikakosa njia ya kutokea. Huyo si hanithi. Sheria ya Kanisa nayo yatofautisha: uhanithi wa kudumu uliotangulia ndoa huibatilisha, ugumba hauibatilishi, wala haumpi mtu ruhusa ya kumfukuza mwenzake. (Mapokeo yasimulia kwamba Yoakimu, babaye Bikira Maria, ndiye aliyekataliwa sadaka yake hekaluni kwa kukosa mtoto. Aibu ile aliibeba mume.)

Basi, dawa iko? Mara nyingi iko. Wengi huonekana wana vena zilizovimba katika korodani, hasa upande wa kushoto. Damu hutuama humo, joto huzidi, mbegu zikadhoofika. Hili si busha, ingawa watu huyachanganya. Mpasuaji hukata mahali padogo kinenani, akazifunga vena hizo, na kwa kawaida mgonjwa hurudi kwake siku ile ile. Lakini asitazamie kitu juma lijalo, maana mbegu huchukua kama miezi miwili na nusu kukomaa; hupimwa tena baada ya miezi mitatu. Walio wengi huona nafuu, si wote.

Wengine mirija yao imezibwa na kovu la kisonono, au ilijeruhiwa walipopasuliwa ngiri utotoni. Hiyo huweza kuungwa tena chini ya darubini, kwa uzi mwembamba kuliko unywele. Wako pia waliojifungisha uzazi kwa hiari, kisha wakajuta. Nao wasikawie: uchunguzi uliotangazwa Marekani mwaka 1991 ulionyesha kwamba kwa waliofunguliwa kabla ya miaka 3 kupita, wake 76 katika 100 walishika mimba, kwa waliokaa miaka 15 au zaidi, 30 tu.

Upasuaji huo wote hutengeneza kilichoharibika, na tendo la ndoa labaki lilivyo. Kanisa halina kizuizi nao. Hata manii ya kupima iko namna ya kuyapata isiyovunja heshima ya tendo hilo. Mume amwulize padre wake bila haya. Lakini iko njia nyingine, ambayo mpasuaji huchokoa mbegu korodanini ili zitiwe katika yai nje ya mwili wa mama. Hiyo Papa Pio XII aliikataa mwaka 1956, na hati Donum Vitae ikaikataa tena mwaka 1987, kwa kuwa mtoto astahili kutungwa katika upendo wa wazazi wake, si kwa kazi ya mikono ya wengine. Najua neno hili ni zito kwa mtu aliyeambiwa hana njia nyingine, wala sitamdanganya kwamba ni jepesi. Na mtoto aliyekwisha kuzaliwa hivyo ni wa Mungu kama sisi sote. Abatizwe, asinyoshewe kidole.

Mama yule nilimtafuta, na kwa ruhusa yao nawaandikia habari hii. Mumewe alikubali kwa shida, nami nikamsindikiza mpaka mlangoni mwa hospitali. Vena zilionekana, akapasuliwa. Mtoto bado hawajampata. Lakini juma lile lile mama mkwe alimtuma kijana akalichukue sanduku la mkaza mwanawe kutoka kwao.