Ulianza Kukusanya kwa Nini?

Andiko: Luka 12:13–21

Kukusanya si dhambi. Katika Kutoka 16 Mungu mwenyewe aliwaambia Israeli wakusanye mana. Lakini wale waliobakiza hadi asubuhi waliikuta ina funza na inanuka. Mana ni ile ile, mkono ni ule ule. Kilichobadilika ni sababu: jana ilikuwa chakula, leo ni hofu ya kesho.

Nikitembelea washirika kule Makongeni, Thika, na huku Ruiru, naona kabati za vyombo. Nikamuuliza mama mmoja alianzaje. Akasema vikombe sita vya kwanza alinunua na pesa ya chama, ndiyo wageni wanywe chai. Halafu akaongeza seti ili asipitwe na wenzake. Halafu akaongeza tu kwa sababu nafasi ilikuwepo. Na siku hiyo mimi nilinywa chai kwa kikombe cha plastiki, maana vile vya wageni vinaweza kuvunjika! Tulicheka sisi wawili. Lakini sikizeni: kikombe kilichonunuliwa kwa ajili ya mgeni sasa kinafichwa, mgeni asikiguse.

Wengine wetu si vikombe, ni ploti. Ya kwanza ilikuwa watoto wapate pa kulala. Ya tano ni ya nini? Tajiri wa Luka 12 hakulaumiwa kwa kuvuna sana. Shida ni kwamba katika hesabu yake yote hakuna jina la mtu mwingine. Na usiku huo huo akaitwa.

Sababu inaweza pia kubadilika kwa uzuri. Joseph Murumbi, Makamu wa Rais mwaka 1966, alikusanya vitabu, stempu na sanaa za Afrika. Mwishowe mkusanyo wake aliuuzia serikali ya Kenya, na leo hata mtoto wa shule anauona pale Kenya National Archives, Nairobi. Kilichokuwa cha nyumba moja kikawa cha wengi.

Yesu naye aliagiza vipande vikusanywe, vikajaa vikapu 12 (Yohana 6:12–13). Lakini angalia mpangilio: watu walishiba kwanza, vikapu vikafuata.

Wiki hii fungua kabati yako. Shika kitu kimoja ujiulize: hiki nilikitafutia nani? Huyo mtu bado anakipata? Kama hapana, mwite aje anywe chai.

Bwana, chunguza sababu zetu. Amina.