Je, Tuhamishe Ngoma au Tumgeuze Mpigaji?

Siku hizi katika makanisa mengi, kando ya kinanda, pamewekwa seti ya ngoma za kizungu, zile ambazo mtu mmoja huketi katikati yake akazipiga kwa mikono miwili na miguu miwili. Leo hatutaki kufufua yale mabishano ya kama zinafaa ibadani au hazifai. Zaburi ya 150 inataja matari na matoazi, na hilo linatutosha. Tunataka kutafakari swali jingine. Kijana mwenye kutumia mkono wa kushoto anapotaka kujifunza ngoma hizo, je, azihamishe zimfae yeye, au ajigeuze yeye azifae ngoma?

Wako watakaosema kwamba hili ni jambo la vijana wa kwaya, walimalize wenyewe. Lakini ndani yake limo swali kubwa, ambalo hutukuta shuleni, nyumbani, kazini na hata kanisani: Je, kuwatendea watu wote kwa namna moja ndiyo kuwatendea haki?

Kwanza tuzitazame ngoma zenyewe. Ngoma kubwa imelazwa chini, nayo hupigwa kwa pedali ya mguu wa kuume. Ngoma ndogo yenye sauti kali iko katikati ya magoti. Ngoma nyingine zimepangwa kuanzia kushoto kwenda kuume, ile ndogo kwanza, na ile nene yenye miguu mwisho. Upande wa kuume kuna toazi kubwa linalopigwa kwa kufululiza. Upande wa kushoto kuna matoazi mawili yanayotazamana juu ya mti mmoja, ambayo hufungwa na kufunguliwa kwa pedali ya mguu wa kushoto. Hayo tuyaite matoazi pacha.

Ajabu iko hapo kwenye matoazi pacha. Yako upande wa kushoto, lakini mpigaji wa kawaida huyapiga kwa mkono wa kuume. Basi huupitisha mkono wa kuume juu ya ule wa kushoto, na mikono hukaa imepishana kama ya mtu aliyekunja mikono kifuani. Tena inambidi ayainue matoazi hayo juu, ili mkono ulio chini upate nafasi ya kupiga ngoma ndogo.

Mpangilio huu umetoka wapi? Haukushuka katika mlima Sinai. Katika bendi za kijeshi za zamani, ngoma kubwa ilikuwa na mtu wake, ngoma ndogo mtu wake, na matoazi mtu wake. Huko Marekani, katika kumbi za dansi na za maonyesho, nafasi ilikuwa finyu na fedha za mishahara zilikuwa haba, basi mtu mmoja akapewa kazi ya watatu. Mwaka 1909 William F. Ludwig wa Chicago alianza kutengeneza pedali ya ngoma kubwa iliyoweza kufuata mwendo wa haraka wa muziki wa wakati ule. Mguu wa kuume ukapata kazi, na wa kushoto ukabaki bure. Katika miaka ya 1920 mguu huo nao ukapewa matoazi mawili madogo, yakiwa chini kabisa karibu na kifundo cha mguu, ya kukanyagwa tu. Baadaye yakainuliwa juu ya mti mrefu ili vijiti viyafikie. Wapigaji wengi walikuwa watu wa mkono wa kuume, nao wakaendelea kuongoza kwa mkono ule ule waliouzoea. Hivyo ndivyo mikono ilivyoanza kupishana.

Basi twaona kwamba hakuna mtu aliyekaa chini akaamua kwamba mikono ipishane. Jambo lilifuata jambo, na mwisho wake likaitwa kanuni. Mambo mengi tunayoyaita kanuni yalizaliwa hivyo. Hatusemi kwamba kwa sababu hiyo ni mabaya. Desturi iliyotokea kwa bahati yaweza kuwa desturi njema, na anayejifunza ngoma kama wenzake ataweza kuketi mahali popote na kupiga. Tunasema tu kwamba jambo lililopangwa na watu kwa faida ya watu, watu wanaweza kulipanga upya kwa faida hiyo hiyo.

Sasa yule kijana wa kushoto afanye nini? Njia ziko tatu.

Njia ya kwanza ni kujigeuza yeye. Apige kama wengine, mkono wa kuume uongoze na wa kushoto ufuate. Njia ya pili ni kugeuza kila kitu, kilichokuwa kuume kiende kushoto na kilichokuwa kushoto kiende kuume, kama sura inavyogeuka katika kioo. Phil Collins wa Uingereza alipiga hivyo katika kundi la Genesis. Njia hii humfaa sana mwenyewe, lakini inataka kila kitu kihamishwe, na ngoma zikiwa za watu wengi ni taabu.

Njia ya tatu ni ya katikati. Ngoma kubwa ibaki palepale, na pedali zote mbili zibaki zilipo, maana si kila mtu wa mkono wa kushoto ni wa mguu wa kushoto pia. Kijana ayapige matoazi pacha kwa mkono wake wa kushoto, ulio karibu nayo, na wa kuume uwe huru kwa ngoma ndogo. Mikono haipishani tena. Kwa kuwa haipishani, matoazi pacha yaweza kushushwa chini, na bega likapumzika. Kisha lile toazi kubwa la kuume lihamishiwe kushoto, ili mkono unaoongoza uweze kutoka toazi moja kwenda jingine bila safari ndefu. Wengine huongeza ngoma moja nene upande wa kushoto pia, ili mkono wa kushoto ukianza mzunguko usigongane na mwenzake. Vinavyohamishwa ni vichache, na dakika chache zinatosha.

Wala njia hii si ya wanafunzi waliokata tamaa. Billy Cobham, aliyezaliwa Panama mwaka 1944 na kukulia New York, ni mmoja wa wapigaji ngoma wanaoheshimiwa sana duniani. Yeye huongoza kwa mkono wa kushoto, mikono ikiwa wazi, na toazi lake kubwa liko kushoto. Waliosikiliza santuri yake ya mwaka 1973, iitwayo Spectrum, hawakusikia upungufu wowote.

Hapa mtu mwenye busara atatuuliza swali gumu, wala hatupaswi kulikwepa. Atasema, mbona wako watu wa kushoto waliopiga ngoma kama zilivyo wakafaulu? Yuko Ringo Starr, mzaliwa wa Liverpool mwaka 1940, aliyejiunga na kundi la Beatles mwaka 1962. Yeye amesimulia kwamba alizaliwa akitumia mkono wa kushoto, na bibi yake, akidhani hiyo ni dalili ya uchawi, akamfundisha kutumia wa kuume. Akapiga ngoma zilizopangwa kwa watu wa kuume, na jina lake likajulikana dunia nzima. Je, hii si hoja kwamba ugumu humjenga mtu?

Ni kweli kwamba ugumu waweza kumjenga mtu. Lakini tuangalie mambo mawili. La kwanza, mtu mmoja aliyepita katika mlango mwembamba hathibitishi kwamba mlango ni mpana. Waliojaribu wakashindwa, wakarudisha vijiti na kwenda nyumbani, hatuna habari zao, kwa sababu hawakuacha santuri. La pili, Ringo mwenyewe husema kwamba ile mizunguko yake ya ngoma, ambayo wengi wameshindwa kuiiga, hutoka katika kuwa mtu wa kushoto aliyeketi kwenye ngoma za kuume. Yaani kilichowafurahisha watu kilitoka katika mkono ule ule ambao bibi yake alitaka kuunyamazisha. Mkono haukufa, ulitafuta njia ya kuzunguka. Basi tusimshukuru aliyeziba njia, tumshukuru Mungu aliyetoa kipaji kisichozibika kwa urahisi.

Sisi tuliotumia miaka yetu katika chuo cha ualimu tulikuwa tukiwaambia wanafunzi wetu hivi: kabla hujamrekebisha mtoto, litazame kwanza dawati. Zamani za kalamu za wino, mkono wa kushoto ulipita juu ya maneno uliyokwisha kuyaandika, ukayapaka wino. Mwalimu akaona daftari chafu, akasema mtoto ni mchafu. Mkasi nao umetengenezwa kwa mkono wa kuume, na mtoto wa kushoto akikata karatasi ikachanika, huambiwa ni mzembe. Lakini kiasi cha mtu mmoja katika kila kumi huzaliwa hivyo. Katika darasa la watoto arobaini ni kama wanne, na si haki watoto wanne wahesabiwe wazembe kwa sababu ya mkasi.

Tena jambo la ajabu ni kwamba katika kandanda hatufanyi hivyo. Mchezaji wa mguu wa kushoto hutafutwa kwa bidii, akapewa upande wa kushoto, na watu wakamshangilia. Hakuna kocha anayempiga fimbo ajifunze kupiga kwa mguu wa kuume. Kwa nini basi tuuheshimu mguu na kuudharau mkono?

Labda lugha yetu yatuonyesha sababu. Mkono wa kulia ni ule wa kulia chakula. Mkono wa kuume una jina la uanaume, na wazee wengine waliuita wa kushoto mkono wa kike. Desturi zetu hutaka tusalimie, tule na kumpa mtu kitu kwa mkono wa kuume, nasi hatushauri desturi hiyo iachwe. Ni adabu, na adabu ni lugha tunayosemezana sote. Mtoto wa kushoto aweza kujifunza kumpa mzee kikombe kwa mkono wa kuume, naye hapotezi kitu. Lakini adabu ni jambo moja, na kazi ya mikono ni jambo jingine. Anayepiga toazi kwa mkono wa kushoto hajamtukana mtu yeyote.

Maandiko yenyewe hayaoni haya kuwataja watu wa mkono huo. Waamuzi sura ya 3 yatupa habari za Ehudi, mtu wa shoto, ambaye Mungu alimwinua awaokoe Israeli. Sura ya 20 yataja watu mia saba wa aina hiyo, wapiga teo ambao hawakukosa shabaha hata kwa upana wa unywele. Wote hao walikuwa wa kabila la Benyamini, jina ambalo hufasiriwa kuwa ni mwana wa mkono wa kuume! Tena tukumbuke Daudi katika 1 Samweli 17. Silaha za Sauli zilikuwa njema, silaha za mfalme. Daudi alizivaa, akajaribu kwenda, akaona hawezi, akazivua. Sauli hakumwambia kwamba anavunja utaratibu wa jeshi. Alimwacha aende na teo lake.

Hata hivyo, haki ya mtu mmoja isiwe mzigo kwa wenzake. Ngoma za kanisa ni za wote, na Jumapili moja yaweza kuwa na wapigaji wawili au watatu. Kwa hiyo yule anayehamisha ana wajibu wake. Awahi kabla ya ibada, asiwakawize waimbaji. Aweke vipande vya utepe kwenye zulia kuonyesha kila mguu wa toazi ulikosimama. Akimaliza, arudishe kila kitu kama alivyokikuta. Na wenzake nao wana wajibu wao: wasinung'unike kwa ajili ya dakika tano, na wasicheke. Mwalimu wa kwaya amwulize kwanza kijana mwenyewe, maana wako wa kushoto wanaopenda kupiga kama wengine, na hao nao wasilazimishwe kuhamisha kitu.

Katika hili twapata jibu la lile swali letu la kwanza. Haki si kumpa kila mtu kiti kilichosimama mahali pamoja. Haki ni kuona kwamba kila mtu aliyeitwa kufanya kazi aweza kuifikia kazi hiyo. Pengine itatubidi kusogea sisi, pengine atasogea yeye, na mara nyingi kila mmoja atasogea kidogo.

Basi, ndugu wasomaji, Jumapili ijayo tukimwona kijana akihamisha toazi kabla ya kengele ya kwanza, tusiulize kwa nini anaharibu mpangilio. Tumsaidie kubeba.