Kigari cha Mjukuu

Majuzi nilimnunulia mjukuu wangu kigari cha mtumba. Jioni, nilipokunjua kiti, nikaishiwa nguvu: makombo ya biskuti, maziwa yaliyogandia kwenye mshono, ukungu mweusi chini ya mikanda. Muuzaji simu hapokei. Niliumia, maana mtoto mchanga anastahili kitu safi.

Nikavua kitambaa, nikakifua, nikakianika juani siku 2. Mikanda niliisugua kwa sabuni ya kawaida tu. Dawa ya madoa huweza kudhoofisha nyuzi, na mikanda ndiyo inayomshika mtoto. Kisha nikajaribu breki kwenye mteremko, kigari kikiwa kitupu. Haikushika.

Kigari kiko uani, kinamsubiri fundi. Mjukuu yuko mgongoni kwa mama yake, ndani ya kanga, amelala.